Njoo Asubuhi, Mechi Baadaye: Kambi za Besiboli Hapa Arizona

Kama umefika Phoenix mwezi wa pili na rafiki akakwambia twende tukaangalie besiboli, mkubalie, ila mwambie mtoke asubuhi. Mechi nyingi zinaanza saa saba mchana na watu wengi wanakuja muda huo, wanakata tiketi, wanatandika shuka kwenye nyasi nyuma ya uwanja, wanakula, wanapiga picha, ikifika iningi ya sita (mechi ina iningi, yaani vipindi, tisa) wanaanza kutoka ili wawahi kabla ya foleni. Sina shida nao. Ila mimi naona mechi ndio kitu chepesi kuliko vyote kwenye hizi kambi, kazi yenyewe inafanyika asubuhi kwenye viwanja vya nyuma, vile visivyo na majukwaa wala skrini, vimezungushiwa waya tu, unasimama hapo na hatua chache kutoka ulipo mtu anarusha mpira kwa spidi ya kilomita 150 kwa saa, na kambi nyingi muda huo hawakutozi hata kiingilio.

Nianze na mpangilio kwa wale ambao huu mchezo ni mgeni kwao. Ligi kuu ya Marekani ina timu 30, kila timu inacheza mechi 162 kwa msimu, kuanzia mwishoni mwa mwezi wa tatu mpaka mwishoni mwa wa tisa, yaani karibu kila siku ya Mungu wako uwanjani. Kabla ya hapo wanaingia kambini wiki sita hivi. Timu 15 zinaenda Florida, huko wanaita Grapefruit League, na 15 zinakuja huku kwetu kwenye Cactus League. Za huku zote zimejazana Phoenix na miji iliyoshikana nayo, viwanja 10 kwa timu 15 kwa sababu nyingine zinashea: Dodgers na White Sox wako Camelback Ranch, Padres na Mariners wako Peoria, Royals na Rangers wako Surprise, Reds na Guardians wako Goodyear, halafu Diamondbacks na Rockies wako Salt River Fields ambao umejengwa kwenye ardhi ya wenyeji wa asili wa hapa, Wapima na Wamaricopa, ulifunguliwa 2011 na ndio ulikuwa uwanja wa kwanza wa kambi ya ligi kuu kujengwa kwenye ardhi ya wenyeji. Kwahiyo ukiwa na gari unaweza kuwa Mesa asubuhi na mchana ukawa Scottsdale.

Timu zetu nyumbani zikienda kambini nje ya nchi sisi mashabiki tunaletewa picha mtandaoni na kavideo kafupi wachezaji wanakimbia, basi, tunasubiri Simba Day au Wiki ya Mwananchi ndio tuwaone. Huku kambi yenyewe iko wazi. Unamuona mtu anafundishwa, anakosea, anarudia, kocha anamshika kiwiko anamuonyesha tena. Hicho ndio kilichonibamba kuliko kitu chochote na nikikaa na watu wanaoniuliza kwanini napenda kipindi ambacho matokeo hayana maana, jibu langu ndio hilo.

Wanaoripoti kwanza ni warushaji na makecha, wale wanaodaka mpira nyuma ya mpigaji, katikati ya Februari, wengine wote wanafuata siku chache baadaye. Sababu ni mkono. Mpigaji anaweza kujiweka sawa kwa wiki mbili tatu, ila bega na kiwiko cha mrushaji lazima vijengwe kidogo kidogo, anaanza kurusha taratibu, halafu anapanda kwenye kile kilima cha udongo cha mazoezini, halafu anarusha kwa mpigaji wa kweli, mechi ya kwanza anapewa iningi moja au mbili, inayofuata anaongezewa, mpaka mwisho wa mwezi wa tatu anafika tano au sita. Ukiharakisha hiyo ngazi unaishia kwa daktari wa mishipa ya kiwiko na mwaka mzima umepotea. Wiki sita zote hizi, hoteli, mabasi, viwanja, ukichimba chini utakuta zimepangwa kwa ajili ya mikono ya warushaji.

Sasa simama karibu na bulpeni, pale warushaji wanapopashia mikono, asubuhi. Warushaji watano sita wamejipanga mstari mmoja wanarusha kwa pamoja, mbele yao makecha watano sita wamechuchumaa, na mlio wa mpira ukiingia kwenye glavu unakuja paa, paa, papaa, kila mmoja na sauti yake kwa sababu glavu zimekaushwa tofauti na mipira haiji kwa spidi moja, ukizoea unaweza kufumba macho ukajua yule wa kushoto leo mkono umechangamka. Hakuna muziki wala mtangazaji. Kecha anasema neno moja, mrushaji anaitikia kwa kichwa, kocha amesimama nyuma na tableti inayomwambia mpira umezunguka mara ngapi.

Mimi huwa naangalia makecha zaidi. Watu wanaangalia mrushaji, ni kawaida, lakini tazama mkono wa kecha. Mpira unakuja chini kidogo ya magoti, hauko sawasawa, na pale pale anapoupokea glavu inapanda kidogo sana, ulaini ule ule, kwahiyo mpaka mpira unatulia unaonekana uko ndani ya eneo linalokubalika. Lengo ni ampaya, yaani mwamuzi, aliyesimama nyuma aseme straiki, kwamba mpira ni halali na mpigaji ndio kakosa. Wanafanyia mazoezi kitu hicho peke yake, goti moja chini, mashine inawatemea mipira mmoja baada ya mwingine, mtu mwenye miaka 30 na zaidi anarudia kama mwanafunzi. Kwa miaka mingi hii ilikuwa kazi inayolipa, kuna makecha wamekaa ligi kuu kwa sababu ya huo mkono tu wakati kwenye kupiga hawana kitu.

Na hapo ndio mambo yamebadilika. Kwenye kambi za 2025 walifunga mfumo wa kamera kwenye viwanja 13, mrushaji, kecha au mpigaji akiona ampaya kakosea anajigonga kichwani, skrini inaonyesha mpira ulipopita, uamuzi unatoka hapo hapo. Kila timu ilipewa nafasi mbili za kupinga, ukishinda unabaki nayo. Rufaa ya kwanza ilikuwa hapa hapa Camelback Ranch, tarehe 20 Februari, mrushaji wa Cubs anaitwa Cody Poteet alikataa uamuzi kwenye mpira aliomrushia Max Muncy wa Dodgers, na alishinda. Septemba ya mwaka huo wakapitisha kwamba mfumo utumike kwenye msimu wenyewe kuanzia 2026. Mimi naukubali, uamuzi mbovu ulikuwa unaua mechi, ila nikiwaona wale makecha goti chini asubuhi nawaza nani kati yao ataendelea kulipwa kwa ajili ya ule mkono, maana mkono sasa unabishana na kamera, na kamera haidanganyiki. Pia kumbuka saa ya kurushia, ile inayompa mrushaji sekunde 15 tu arushe kama beisi, vile vituo vya wakimbiaji, ziko tupu, nayo kwa ligi kuu ilianzia kwenye kambi za 2023, siku ya pili tu ya mechi Braves na Red Sox walimaliza sare kwa sababu mpigaji alichelewa kujiweka tayari, iningi ya tisa, beisi zote tatu zina watu. Watu walilalamika sana. Leo hakuna anayetaka kurudi kwenye zile mechi zilizochukua masaa matatu na zaidi.

Kuna zoezi jingine la warushaji ambalo ukiliangalia juu juu linachosha. Mrushaji anajifanya anarusha, kocha anagonga mpira upande wa kulia, mrushaji anatoka mbio kwenda kufunika beisi ya kwanza, anapokea, anakanyaga pembeni ya beisi na mguu wa kulia ili asigongane na mkimbiaji, anageuka. Anarudi nyuma ya mstari. Wote wanafanya, mwenye mkataba wa mamilioni na mtoto wa juzi, asubuhi nzima. Ukikaa ukaliangalia kwa utulivu unaanza kuona nani anahesabu hatua zake na nani anakimbia tu, na mwezi wa nane hiyo hatua moja ndio inakuwa mchezo umeisha au haujaisha.

Twende kwenye namba za mgongoni, hapo ndio moyo wangu ulipo. Klabu inaruhusiwa kuwa na orodha ya watu 40, na siku ligi inaanza ni 26 tu wanaokaa na timu kubwa. Ila kambini utakuta watu 60 na zaidi, kwa sababu wanaalikwa na wengine wasio kwenye orodha: vijana wanaopandishwa kuonjeshwa, na wakongwe waliokosa mikataba wanajaribu bahati mara ya mwisho. Hao ndio utawaona na jezi namba 74, 81, 93. Nilienda siku moja na dada mmoja wa Bukavu ninayefanya naye kazi, mchezo ulikuwa mpya kabisa kwake, aliangalia kimya muda mrefu halafu akaniuliza, "Ndugu, sasa bale ba namba kubwa, nabo banalipwa?" Watu wengi niliowapeleka kule huuliza nani ni staa. Yeye aliuliza swali lenyewe.

Jibu nililompa ni hili. Mshahara wa ligi kuu unaanza kuhesabiwa msimu ukianza, kambini hata staa anapewa posho tu. Wachezaji wa ligi ndogo, zile timu za chini za klabu hizi hizi, wao kwa miaka na miaka walikuwa hawalipwi mshahara kabisa kipindi cha kambi, wanafanya kazi kutwa nzima juani bure, mpaka wakaenda mahakamani na 2022 ligi ikakubali kumaliza kesi kwa dola milioni 185, na 2023 ndio wakapata mkataba wao wa kwanza kama chama cha wafanyakazi. Kwenye mkataba huo kima cha chini kwa ngazi ya juu kabisa ya ligi ndogo kilianzia dola 35,800 kwa mwaka. Ligi kuu kima cha chini 2025 kilikuwa dola 760,000. Ni kama mara 21. Kwahiyo yule namba 81 akipiga mpira kwenye iningi ya nane, uwanja nusu mtupu, watu wanakunja shuka zao, yeye anapiga kwa ajili ya tofauti hiyo. Dada yangu alikaa mpaka mtu wa mwisho akatoka. Tulikuwa wachache sana.

Ndio maana nasema usiondoke iningi ya sita. Mastaa wanapiga mara mbili tatu, wanaoga, wanaenda kucheza gofu, na kuanzia hapo timu inabadilishwa karibu yote, anaingia namba 70 na kitu, namba 80 na kitu, kuna ambao jina halimo hata kwenye programu ya mechi. Mechi nyingi zikifika iningi tisa bila mshindi zinaisha sare, wanapeana mikono wanaondoka, kitu ambacho kwenye msimu hakiruhusiwi. Kuna mwaka, 2021, waliruhusu hata kocha akatishe iningi kati kati kama mrushaji wake amefikisha mipira 20. Anayetafuta matokeo hapo hawezi kuelewa kitu. Anayetafuta watu ataona mengi.

Na takwimu za huku zisikutie wazimu. Hewa ya jangwa ni kavu na nyepesi, mpira unaruka mbali, halafu ile mipira ya kupinda haipindi vizuri kwa sababu haishiki hewa, kwahiyo warushaji wanaonekana wabovu na wapigaji wanaonekana miungu. Na zinadanganya hata kinyume chake. Mfano ninaoupenda ni Shohei Ohtani 2018, ndio ametua kutoka Japani, yuko na Angels pale Tempe. Alipata hiti 4, yaani mipigo iliyomfikisha beisi salama, kwa mara 32, wastani wa .125, na kwenye kurusha wastani wake wa kufungwa ulikuwa 27.00, yaani aibu, watu walianza kuandika kwamba apelekwe ligi ndogo akajifunze. Mwaka ule ule akachaguliwa mchezaji bora chipukizi wa American League, moja ya pande mbili za ligi kuu. Upande wa pili yuko Albert Pujols, 2001, Florida kwenye kambi ya Cardinals, kijana aliyechukuliwa raundi ya 13 klabu zilipokuwa zinachagua vijana, mwaka mmoja nyuma karibu msimu mzima alikuwa ligi ya chini, hakuna aliyempigia hesabu, akapiga mpaka wakashindwa kumrudisha, na naye akamaliza mwaka akiwa chipukizi bora wa National League, ule upande mwingine. Kwahiyo kambi inaweza kusema kweli na inaweza kudanganya, na mwezi wa tatu hakuna wa kukuhakikishia ni ipi.

Ila kuna lingine linaniuma, nalo ni pale kambi inaposema kweli na wenye timu wanajifanya hawajasikia. 2015 Kris Bryant wa Cubs kule Mesa alipiga homurani 9, ile mipira inayopigwa mpaka nje ya uwanja, wastani .425, hakuna aliyempita kwa homurani kambi zote mbili. Wakamshusha ligi ndogo, wakasema anahitaji kuboresha ulinzi wake. Akapandishwa tarehe 17 Aprili. Siku 172 kwenye orodha ya ligi kuu zinahesabika kama mwaka mzima wa kazi, yeye akamaliza na 171, siku moja pungufu, na kwa siku hiyo moja klabu ikabaki naye mwaka mzima zaidi kabla hajawa huru kujiuza anakotaka. Alilalamika rasmi, 2020 msuluhishi akaipa klabu ushindi. Sheria ilifuatwa, sawa, lakini kumwambia mtu shindana, halafu akishinda unahesabu kalenda, hiyo sio haki na nitaendelea kusema hivyo. Mwambie ukweli tu kwamba nafasi ilikuwa haipo.

Tena hizi kambi zina historia nzito kuliko jua na nyasi. Arizona iliingia kwenye ramani 1947, pale Giants walipokuja Phoenix na Cleveland wakaenda Tucson. Mmiliki wa Cleveland, Bill Veeck, alieleza baadaye kwamba ubaguzi wa Florida ulichangia kumtoa kule. Na Florida kweli haikuwa mahali salama: 1946 Jackie Robinson, mchezaji mweusi aliyesajiliwa na Dodgers, alipoenda kwenye kambi yake ya kwanza, mji wa Sanford walimfukuza, ikabidi arudi Daytona Beach ambako walimkubali acheze, tarehe 17 Machi, na leo uwanja ule una jina lake. Mwaka uliofuata Dodgers waliamua kupeleka kambi Cuba, Havana. Veeck naye mwezi wa saba 1947 akamsajili Larry Doby, mtu mweusi wa kwanza American League, lakini kambi ya 1948 pale Tucson, huku huku tunakosifia, hoteli ya timu ilimkataa Doby ikabidi alale kwa familia nyingine mjini. Anavaa jezi moja na wenzake asubuhi, jioni wanaachana njiani. Nikiwa Goodyear kuangalia Guardians, ambao ndio hao hao Cleveland, hiyo habari haiwezi kunitoka kichwani.

Na sisi Waafrika tumeingia kwa mlango mwembamba sana. Gift Ngoepe alikulia kwenye klabu ya besiboli Randburg, Afrika Kusini, ambako mama yake alikuwa akifanya kazi, Pirates wakamsajili 2008, akapanda ngazi za ligi ndogo moja moja, kambi baada ya kambi, na tarehe 26 Aprili 2017 akawa mtu wa kwanza aliyezaliwa Afrika kucheza ligi kuu. Mara ya kwanza kushika gongo, dhidi ya Jon Lester, akapiga hiti. Karibu miaka tisa ya kambi kwa ajili ya dakika ile. Uganda nao wako njiani: 2011 timu ya watoto ilifuzu kombe la dunia la Little League ikanyimwa viza, 2012 wengine wakafuzu tena na safari hii wakafika Williamsport, Marekani, kombe hilo linakochezwa, timu ya kwanza ya Afrika kucheza pale. 2022 Dodgers walisajili vijana wawili wa Kiganda, Umar Male na Ben Serunkuma, na Pirates nao walimsajili mrushaji David Matoma. Siku mmoja wao atakapokuja kambi ya wakubwa na jezi namba 90 na kitu mimi niko kwenye fensi kuanzia saa mbili, na bendera nitabeba hata kama sio ya nchi yangu.

Kwa atakayekuja: njoo na sweta kwa sababu asubuhi jangwani kuna baridi, ikifika saa sita unalivua, kofia na mafuta ya kukinga jua ni lazima, maji mengi. Sahihi za wachezaji zinapatikana wanapohama kutoka kiwanja kimoja kwenda kingine, mpishe apite kwanza, muite kwa jina, na kama kuna watoto karibu yako waache wao watangulie. Kuanzia wiki ya pili ya mwezi wa tatu mchujo unapamba moto, kila siku majina kadhaa yanaondolewa kwenye orodha, wanahamia kambi ya ligi ndogo ambayo mara nyingi iko upande wa pili wa njia. Ukiwa ulikuwa unamfuatilia mtu usikate tamaa, vuka hiyo njia, utamkuta. Timu kubwa zikishaondoka vijana wanabaki, wengi wa Dominican na Venezuela, miaka 18, 19, na mwezi wa tano wanaanza ligi yao kwenye viwanja vile vile vya nyuma, mechi nyingi zinachezwa jioni kwa sababu joto limeshapanda. Nafasi za kukaa zipo tele, na kama utakuwa Phoenix wakati huo nitumie ujumbe twende wote.